Kiganja

Kabla chungu hakijainjikwa,
mama mkwe wangu, Hmingthanzuali,
huzamisha mkono katika pipa la mchele,
akatoa kiganja kimoja, akakimimina
ndani ya debe lililo kando ya meko.
Asubuhi kiganja. Jioni kiganja.
"Cha Bwana," husema,
kisha huosha uliobaki
kana kwamba hakuna kilichopungua.

Niliolewa huku milimani Mizoram
nikiwa na cheti cha hesabu na sanduku moja.
Viganja viwili kwa siku, nikazidisha kwa mwaka:
kilo thelathini na ushei,
na Rokima wangu anaponda kokoto za barabara
kwa ujira usiofika Jumamosi.
Basi zamu yangu ilipofika
nikajifunza kubana vidole.
Ulimi ulisema cha Bwana,
vidole vikasema, kidogo tu.

Kisha mianzi ikachanua.
Waliokuwa watoto mara ya mwisho ilipochanua
walitazama yale maua, wakanyamaza.
Panya walikuja usiku na mshindo wa mvua.
Tulidhani ni mvua.
Kulipokucha, shamba lilikuwa limenyolewa
kama kichwa cha mfiwa.

Tulichimba viazi vya msituni,
vile vinavyowasha koo usipovichemsha mara mbili.
Pipa nililikung'uta mwenyewe.
Nilihesabu punje za mwisho: kumi na nne.
Nilimpa kuku, naye siku ya pili tukamla.

Jioni ile akasimama palepale.
Akazamisha mkono, ukafika chini,
nikasikia kucha zikikwaruza ubao.
Ukatoka umefumbwa.
Akaufumbua juu ya debe.
Hakikuanguka kitu.
"Cha Bwana," akasema.

Nilichukia. Nikamwambia, Mama,
unamshukuru kwa lipi, kwa upepo?
Hakunihubiria; si mtu wa maneno,
hata Zaburi humponyoka katikati.
Alifuta mkono kwenye nguo yake, akasema,
"Mkono huu una miaka hamsini unapita njia hii.
Usipopita leo, kesho utaisahau.
Na mchele, binti yangu,
ulikuwa wangu lini?"

Siku ya tisa wanawake wa kanisa wakaja.
Kila wiki huja kukusanya;
safari hii kikapu kilikuja kimejaa.
Pishi mbili kila nyumba,
kutoka ghala la viganja.
Niliumwaga kwenye ungo kuupeta:
mwekundu, mweupe, mfupi, wa kunata,
vilima vyote vimechanganyika.
Nikazitafuta punje zangu,
zile nilizozitoa kwa kubana.
Sikuzitambua hata moja.
Nilikula vidole vya watu waliofumbua.

Msidhani nililia. Niliinjika chungu.
Lakini kabla sijaosha ule mchele
mkono wangu ulirudi kwenye ungo
bila kuniomba ruhusa.

Siku hizi mama mkwe anatetemeka.
Nusu ya kiganja humwagika njiani,
punje zikapenya sakafu ya mianzi
kwa kuku walio chini ya nyumba,
nao hushukuru kwa kudonoa.
Simsahihishi. Namshika kiwiko.
Watu husema haba na haba hujaza kibaba,
na ni kweli, nimekula katika kibaba hicho.
Ila hakuna aliyeniambia
kwamba haba huuma kila siku upya,
kwamba moyo nao una vidole.

Bwana, leo asubuhi mvua imenyesha kwa adabu,
Rokima amelipwa,
mtoto ameota jino na anatuuma wote kwa furaha.
Nami bado nimebana kidogo,
hapa, penye kidole cha mwisho.
Umeona.
Ngoja.
Narudisha mkono pipani.