Mvuto wa Tatu

Mume wangu yuko chini ya Siyu.
Ndivyo ninavyowajibu wanaouliza Shekuwe yu wapi,
nao hucheka, hudhani ni fumbo.
Lakini yuko chini kweli, pima nne na ushei,
ndani ya kisima cha Mwana Zena,
na mimi nimejifunga kamba kiunoni,
mguu nimeukaza kwenye jiwe la mdomo,
kwa sababu vijana wana nguvu, lakini wana simu.

Mvuto mmoja: ngoja.
Miwili: pandisha ndoo.
Mitatu hatukuipangia maana.
Tuliogopa kuitamka.

Kwanza lilipanda tope, jeusi, linanuka yai viza.
Kisha betri za tochi. Mdomo wa birika.
Sufuria isiyo na kitako.
Kisha kubadhi la mguu wa kushoto,
ngozi ya hapa hapa, nakshi bado inasomeka,
na Bi Rukia akalidaka, akaangua kilio:
"La marehemu! Na tulimwita Athmani mwizi
hadi akahamia Mokowe."
Watu wakatazama vidole vya miguu yao.
Kisima hutunza siri, lakini hakijaapa.

Hiki hakikufa kwa ukame.
Tulikiua kwa ulafi.
Mtambo wa dizeli ulipofungwa nilipiga vigelegele, mimi wa kwanza,
ukavuta usiku, ukavuta mchana,
tukamwagilia hata vumbi la njiani,
tukasahau kwamba kwetu maji matamu
yamelala juu ya maji ya chumvi
kama mtoto mgongoni mwa mama aliyesinzia:
mchukue polepole, utampata;
mkurupushe, wataamka wote wawili.

Mwezi wa tano chai ilikatika.
Maziwa yaliganda vipande vipande kikombeni
mbele ya wageni wa posa ya binti yangu.
Walikunywa. Hawakusema neno.
Hadi leo sijui walimkataa binti au chai.

Baada ya hapo ni punda na madumu,
na aliyekosa fedha akachota dimbwini.
Mwaka ule tulichimba sana, wanaume kwa zamu,
mashimo mafupi,
ya kimo cha mtoto.

Sasa vijana wameinama mdomoni, wanapiga kelele:
"Chimba, fundi! Chimba, yako karibu!"
Kamba ikanikaza. Mara moja.
Mara mbili.
Mara tatu.
Moyo wangu ulitangulia kushuka.
Nilivuta hadi viganja vikachubuka,
na kichwa chake kikatokea, cheupe kwa chokaa ya mawe,
kinacheka.
"Yatosha," akasema. "Yananifika kifundoni.
Nikizidisha shubiri moja nitaiamsha bahari."
"Kifundoni tu?" vijana wakanuna.
"Kifundoni, kwa ndoo na kata, kwa zamu.
Na huo mtambo kauzeni."

Tuliyaacha yatue siku tatu.
Ya nne, tukainjika sufuria pale pale,
majani, tangawizi,
na wanawake saba tukaziba moshi kwa vichwa vyetu.
Bi Rukia ndiye aliyemimina maziwa, mkono unatetemeka.
Yalizunguka.
Yalizunguka tena.
Yakabaki maziwa.

Dumu la kwanza lilipanda boti kwenda Mokowe,
na kubadhi limefungwa shingoni mwake kwa uzi.
Athmani bado hajajibu.