Uduvi wa Samaili

Niliwavua kwa chujio la chai,
suruali nimeikunja hadi magotini,
pale falaji inapopunguza mwendo chini ya mitende
kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani.
Muhanna, kaka yangu, alishika ndoo akinung'unika:
"Wenzetu huja Samaili kuchoma nyama.
Dada yangu na digrii yake ya uuguzi anavua wadudu."
Kumi na wanne, hakuna aliyezidi ukucha,
wa kuonekana kwa shida, kama pumzi juu ya kioo.

Ijumaa akaja Shangazi Thureya.
Akainama, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.
"Hawa si uduvi?"
"Ndio wenyewe, Shangazi."
"Wa kukausha?"
"Wa kutazama."
Alicheka hata mtandio ukamwanguka.
Wete, utotoni mwake, uduvi waliuzwa kwa kibaba,
wakapepetwa mchanga, wakaungwa kwa nazi na pilipili.
"Sisi tuliwala na macho yao, mwanangu.
Wewe unawalipia umeme."

Kweli nawalipia. Nje digrii arobaini na sita,
Al-Khudh yote imefunga mapazia,
na kiyoyozi changu cha sebuleni hakijazimwa tangu Mei.
Maji ya bomba hapa juzi tu yalikuwa bahari:
yamevuliwa chumvi, yakavishwa dawa.
Mimi nayanywa. Wao hawayawezi.
Basi kila wiki mbili Muhanna hupakia madumu garini,
ananiletea falaji kwa lita,
na risiti ya petroli ameibandika juu ya kifuniko.

Siku dumu lilipopasuka
nilishusha sufuria la shaba la bibi,
lililokwenda Pemba na bi harusi
likarudi Omani na mjane.
Nililisugua kwa ndimu na majivu mpaka likaniona.
Nikalaza maji humo usiku kucha, nikajivuna.
Asubuhi niliyamimina, nikaenda kulala.

Jioni, watano ubavuni.
Weupe, kama waliokwisha kupikwa.
Aliye hai unamwona mpaka tumboni,
kilichoingia na kinachotoka;
kumbe aliyekufa ndiye anayejisitiri.
"Shaba," alisema Ghaliya wa duka la dawa pale hospitali,
bila hata kuinua macho kwenye vidonge.
"Chembe tu inawamaliza."
Nililirudisha sufuria kabatini.
Sikulilaumu. Ila nililigeuzia uso ukutani.

Wiki tatu baadaye, mwingine chini, hatikisiki.
Nilimwinua kwa kibanio, hana uzito.
Hana mtu ndani.
Ni gamba, limetimia na ndevu zake zote,
na mwenyewe yuko nyuma ya jiwe,
laini, uchi, anaogopa hata kivuli changu.
Nililirudisha majini.
Usiku wakaja wenzake, naye kati yao,
wakalila jana yake kidogo kidogo.

Leo nimetoka zamu saa moja asubuhi,
miguu imevimba, harufu ya spiriti mikononi.
Kabla ya chai nahesabu. Tisa.
Mmoja ana mayai chini ya tumbo,
kijani, kama choroko zilizolowekwa,
anayapepea kwa vijiguu, hapumziki.
Nimeuona mwendo huo wodini, kitanda cha sita:
mama anampepea mwanawe mwenye homa
kwa kadi ya kliniki, usiku kucha,
hata baada ya mtoto kupoa.

Nilimpigia Shangazi picha, nikaituma.
Hakujibu.
Adhuhuri kengele ikalia. Yeye huyo mlangoni,
jasho limemtota, kafunika kibakuli kwa sahani.
Nikafunua: jani moja la mchicha,
limechemshwa, limepoa.
"Usilionje," alisema, akivua viatu.
"Halina chumvi. Si lako."