Mengineyo

Theluji imezika ngazi za Signe Torvik, Duluth.
Saa nne, Lahti, mchimba chuma mstaafu,
anazungusha kofia mapajani,
anasimulia habari za mbwa aliyepotea.
Signe hamharakishi. Leseni ukutani haikumfundisha hilo;
anajua mbwa si mbwa,
ni mwana.

Muda umekwisha. Glavu moja imesahaulika kitini.

Jioni, kikao cha chama: wanasihi tisa, kahawa imepoa,
ajenda ni ada, mitihani, mswada wa bima.
Katibu anauliza: "Mengineyo?"
Signe hana la kusema, siri si yake;
anaitoa glavu mkobani, anaiweka mezani.

Hakuna anayemuuliza anajisikiaje.
Mmoja anafunga daftari.
Viti vinasogea.