Lango la Tandahimba

Leo nimewachorea kidato cha tano seli moja ubaoni,
chaki ya kijani kwa utando, nyeupe kwa kiini,
kisha kuzunguka kiini nikadonoa: nukta, nukta, nukta.
"Hivi ni vitundu. Kiini kimoja kina maelfu."
Mfaume, anayekaa nyuma kwenye dirisha bovu, akauliza:
"Sasa mwalimu, ukuta wenye matundu maelfu
unazuia nini?"

Sikumjibu kwa kitabu.
Nikamjibu kwa ghala la korosho.

Misimu ishirini na minane baba yangu, Mzee Chinguile,
alisimama langoni pale chama cha msingi.
Kuku alipita. Vumbi lilipita.
Mtoto na kopo lake la maji alipita, asiulizwe.
Ila gunia halikuingia bila mchukuzi,
na mchukuzi hakuingia bila karatasi.
Baba aliiinua juani, akausoma muhuri kwa kidole,
ndipo mnyororo ukalegea.

Na kitabu kikuu cha hesabu, chenye jalada la kitambaa chekundu,
hakikutoka hata siku moja, hata alipokuja mkuu wa wilaya.
Kilichotoka ni nakala:
kipande chembamba, jina na kilo,
kikakimbizwa mizanini, kikatumika, kikachanika.

"Ndivyo," nikawaambia. "Urithi haushuki sokoni.
Unatuma barua."

Wakaandika. Kengele ikalia.
Sikuwasomea yaliyobaki kwenye ukurasa ule:
kwamba seli za ngozi hugawanyika, zikajijengea malango mapya,
lakini seli za ubongo, zikishakomaa, hazigawanyiki;
malango yake mengi ni yale yale ya tangu utoto,
bawaba zile zile,
na yakichakaa hupwaya,
kikaingia kisicho na karatasi.

Jioni nikamkuta baba mlangoni, kwenye kigoda,
amevaa lile koti la kazi, vifungo vimepishana.
Ameinua risiti ya umeme kwenye mwanga wa taa,
anatafuta muhuri.
"Wewe wa chama gani?"
"Wa hapa hapa, baba."
"Karatasi yako?"

Nikapekua mkoba. Madaftari, funguo, ganda la korosho.
Nikampa kipande cha chaki ya kijani.
Akakigeuza. Akakinusa. Akakisoma kwa kidole,
taratibu, kama wa kwanza kwenye foleni ya mwezi wa kumi.

Kisha akasogeza goti.