Kata ya Kuazima

Ivars, chukua ufunguo. Ule mdogo, wenye uzi mwekundu.
Sanduku ni la tatu kutoka mlangoni,
kifuniko chake hugoma siku za barafu:
lipige ngumi, halinuni.

Macho yangu yameingia ukungu
na daktari wa Liepāja kanipa tarehe ya Machi.
Nasi tungali Novemba.

Masharti ni haya.
Ya umeme, fungua. Ya pensheni, fungua,
nisomee tarakimu polepole, hata zikiwa za aibu.
Ya wauza madirisha, washia jiko.
Ila yenye mwandiko wa mkono
niletee na gundi yake.

Wiki tatu ulipanda ngazi, theluji ikilia viatuni,
ukapasua bahasha kwa kisu changu cha siagi.
Nikajifunza sauti zao: ya benki huchanika kwa pupa,
ya hospitali ina kidirisha, hulia kama ganda la yai.
Ukajua deni langu la kuni.
Ukajua umri wangu wa kweli,
ambao hata marehemu Gunārs nilimpunguzia miaka minne.
Nilitega sikio kama utacheka. Hukucheka.

Kisha ikaja ile.
"Ya mkono," ukasema. "Stempu ya Kanada."
Ukaiweka mezani, ukaondoka bila kumaliza kuaga.

Siku tisa nimeipapasa.
Dada yangu Austra huandika akikandamiza kalamu;
nyuma ya karatasi maneno yake huota vipele,
hata bahasha haivifichi.
Lakini vidole vyangu havikwenda shule.
Vinajua tu kwamba ni yeye,
na kwamba mkono umeanza kutetemeka.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Haya, kata yenyewe nimeiazima kwa jirani.
Fungua, Ivars.

Ulisoma vizuri. Mvua ya huko, goti lake,
mjukuu anayefuga nyuki.
Halafu ukafika mahali, ukameza mate,
karatasi ikageuka kabla ya pumzi yako,
na upande wa pili ukaanza na "basi".

Basi ya nini?

Sikuuliza. Nilikumiminia chai, ikajaa kisahani,
ukaifuta wewe.

Ngazi zetu ni vidato kumi na tisa.
Jana, ukishuka, ulisimama cha saba
kwa muda wa mtu anayerudi,
kisha ukaendelea.

Barua nimeilaza chini ya kopo la mkate.
Kile ulichokiruka ni changu, kijana;
kishike vizuri mpaka Machi.
Na kesho usisahau: kifuniko, ngumi.