Mpaka Jicho la Kushoto Lifumbe

Nyama nimeinunua Ndumbuini, mbavu za nguruwe,
kilo moja na robo, na mafuta yake,
nikazifunga kwa gazeti, na juu ya gazeti mfuko,
maana jirani wa mlango wa pili, Bi Sofia,
ni mtu wa swala, na ngazi ni zetu sote.

Ukwaju haukunihangaisha.
Mama huutuma kutoka Mwingi kwenye kopo la Kimbo,
umeshindiliwa, mweusi, pamoja na kokwa zake,
akidhani nautia kwenye uji.

Sijawahi kuuonja mchuzi huu.
Acha niliseme hilo kabla maji hayajachemka.
Miaka mitatu Dammam, jikoni kwa watu,
mimi na Nenita tuliupika kwa maneno tu,
yeye akimenya vitunguu vya tajiri,
mimi nikisugua sufuria zake.
Nguruwe tulimwita mjomba,
asije akasikika.
Sinigang':
jina linaishia pale ng'ombe anapoanzia.

"Kwanza nyama, nyanya, kitunguu. Utoe povu.
Povu likibaki, ni uvivu wako."
Kiarabu chake kibovu, changu kibovu zaidi,
na kati ya vibovu viwili tukaelewana.
Figili. Bilinganya. Bamia nzima nzima.
Pilipili ndefu isiyopasuliwa.
Mboga za majani mwisho, moto ukishazimwa.
Na ukwaju, vijiko vingapi?
Akacheka.
Akafumba jicho la kushoto, akakunja uso,
mabega yakamruka kama aliyemwagiwa maji ya barafu.
Hicho ndicho kipimo.

Leo Jumapili, Kahawa West.
Stima imepotea tangu saa nne,
gesi naipima kwa kutikisa mtungi.
Nyama imelainika. Nakamua ukwaju kwa vidole,
maji yanakuwa rangi ya Tana ikifurika,
nayapitisha kwenye chujio la chai.
Naonja. Bado.
Naongeza, naonja. Bado?
Nani aniambie?
Ulimi wangu haujui unamtafuta nani,
kama mtu aliyetumwa stesheni kumpokea mgeni
bila kuonyeshwa hata picha.

Nenita walimhamisha usiku,
kwa dada ya tajiri, Riyadh, walisema.
Aliacha slipa zake mlangoni
na chupa ya mchuzi wa samaki nyuma ya unga,
imebaki robo. Nilirudi nayo ndani ya soksi.
Sasa namimina kijiko cha mwisho,
na harufu inasimama katikati ya jikoni
kama mtu aliyekuja kudai mshahara wake.

Mumo anafika na sahani kabla sijamwita.
"Mama, nani hutia bamia kwa nguruwe?"
Kula kwanza.
Anapuliza. Anavuta mchuzi kwa kelele,
na mimi namtazama usoni
kama anayesubiri matokeo ya mtihani.
Jicho linafumba.
La kulia.
Mabega hayajasogea hata kidogo.

"Ni tamu," anasema, akitafuta wali.

Namnyang'anya sahani.
Narudi kwenye kopo la Mama,
nachota ukwaju mwingine, naukamua.