Tandiko, Matandiko

Mwalimu Bunu aliuliza: wingi wa tandiko?
Nikajibu, matandiko yako kitandani kwa mama,
tandiko liko kwa punda wetu.
Darasa likacheka. Akanitandika
viboko viwili. Kitenzi kilekile.

Nyumbani Langoni, kabla ya adhana,
baba alikuwa akimtandika Simile:
gunia la mchele lililoshindiliwa makumbi,
kamba ya usumba chini ya tumbo,
kisha matumbawe, mchanga, saruji,
vichochoro hadi nyumba za wageni,
akiita jina la punda, watu wakipisha.
Ndani, mama akitandika kitanda
kingali na joto la baba.

Sikuona undugu wa kazi hizo.

Siku baba alipofariki tulitandika mikeka barazani.
Wakaja, wakakunja miguu, wakanywa kahawa.
Simile alisimama nje. Jirani Famau
alikuwa amemtandua,
na pale gunia liliposugua miaka yote
hapakuwa na manyoya, ila ngozi nyeusi,
laini kama kiganja.
Watoto walikuwa wakiigusa kwa zamu.

Siku ya nne mama alilivuta lile gunia,
akafumua mshono wake mwenyewe kwa kisu cha samaki.
Makumbi yakamwagika, vumbi, jasho la punda,
na katikati, limekunjwa mara nne,
shuka la harusi yake.

“Punda alikuwa na kidonda,” akasema,
asiniangalie.

Nililifua mara mbili. Harufu haikutoka.
Usiku nikalitandika, nikalala.